Shajara ya maabara: nashambulia ili nijue ninacholinda

Januari, wiki ya pili. Vyombo na masharti

Maabara imesimama. Ni laptopu moja ya mtumba yenye RAM ya GB 16, na ndani yake VirtualBox inaendesha kompyuta pepe nne. Kali Linux ndiyo mshambuliaji. Metasploitable 2 imetengenezwa makusudi ikiwa na matundu kila kona. Seva ya Debian inabeba Juice Shop, duka bandia la OWASP, jumuiya ya usalama wa programu, la kufanyia mazoezi ya kuvunja tovuti. Ya nne ni Windows 7 isiyo na sasisho lolote. Zote zimefungiwa kwenye mtandao wa ndani usio na njia ya kutokea, kwa sababu Metasploitable ikigusa intaneti haitabaki kuwa ya kwangu peke yangu. Mafaili yameshushwa kwa bando la usiku, moja leo, jingine kesho.

Mimi ni afisa TEHAMA wa chama cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Kazi ya ulinzi nimeifanya kwa orodha: sasisha, weka antivairasi, badilisha nywila, funga chumba cha seva. Orodha hizo si mbaya, ila haziniambii kipi kinamzuia nani, wala nikikosa fedha za vyote nianze na kipi. Mradi huu ni wa kujibu hilo.

Meneja ametoa barua yenye mhuri inayotaja mashine ninazoruhusiwa kugusa, siku na saa, na yasiyoruhusiwa kabisa, la kwanza likiwa hifadhidata hai ya wanachama. Barua hiyo nimeidai mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo kwa makusudi bila idhini kuwa kosa, na sidhani hakimu atavutiwa na habari kwamba nilikuwa najifunza.

Nimenunua kaunta buku. Ukurasa wa kushoto naandika nilichofanya nikiwa mshambuliaji. Wa kulia, kile ambacho mlinzi angekiona na kile ambacho kingenizuia. Haruhusiwi mtu kufungua ukurasa mpya mpaka wa kulia ujazwe, na "sasisha mfumo" haihesabiki kuwa jibu hadi niithibitishe kwa kurudia shambulio lile lile.

Januari, mwishoni. Kupiga hodi

Nimeanza na Nmap, chombo cha kukagua poti, yaani milango ya huduma za kompyuta, alichokitoa Gordon Lyon mwaka 1997. Ukiiendesha kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, skani yake ya kawaida hutuma pakiti ya SYN, yaani hodi. Poti iliyo wazi hujibu SYN-ACK, karibu. Hapo Nmap hukata kwa RST, kama mtoto mtundu anayegonga mlango na kukimbia.

Kushoto kumejaa haraka. Kulia ndiko kulikonikalisha. Nilifungua logi (kumbukumbu za matukio) ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, kwenye Debian: tupu. Logi ya tovuti: tupu. Muunganiko haukukamilika, kwa hiyo programu zinazosikiliza kwenye poti hizo hazikuambiwa kwamba kuna mtu alikuja. Tcpdump, inayokaa chini yao na kusoma pakiti moja moja, iliona hodi zote. Yaani zile logi tunazozisoma kila Jumatatu ofisini hazina uwezo wa kuona hatua ya kwanza ya uvamizi, hata tukizisoma kwa uaminifu kiasi gani.

Dawa niliyojaribu ikafanya kazi: faiawoli iandike kila muunganiko mpya unaoelekea poti isiyo na huduma. Juu yake nimeongeza poti ya chambo, ambayo hakuna mtu wala programu yenye sababu ya kuigusa. Ikiguswa, napata ujumbe. Skani ya kawaida ya Nmap hugusa poti 1,000 zinazotumika sana kati ya 65,535, kwa hiyo chambo lazima iwe miongoni mwa hizo 1,000. Ukiificha kule juu kwenye namba zisizojulikana, mpita njia hataigonga.

Februari, Jumamosi mchana, ofisi imefungwa

Skani ya kwanza ya ofisi, barua ikiwa mfukoni. Seva zilikuwa na heshima zake. Kilichonishangaza ni vitu ambavyo hakuna anayeviita kompyuta: printa yenye ukurasa wa usimamizi usiouliza nywila, mashine ya vidole ya mahudhurio, na kinasa picha za kamera chenye Telnet, njia kongwe ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali, ikiwa wazi na nywila ileile ya kiwandani.

Hicho cha mwisho kina historia. Mwaka 2016 programu haramu ya Mirai ilikusanya jeshi la kamera, vinasa picha na ruta kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani, jozi zipatazo 60. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo likaielemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, na tovuti kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Hakuna tundu la ajabu lililohitajika.

Nywila imebadilishwa. Telnet haina pa kuzimia kwenye menyu ya kifaa, kwa hiyo nimeizuia kwenye swichi na kukihamishia kinasa picha kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi, pasipofika kwenye kompyuta za wahasibu. Nikarudi na Kali upande ule kujaribu kuvuka. Haivuki.

Wazo la kujivamia mwenyewe si geni, na nimeanza kuchoka na wanaoniuliza kama nafundishwa wizi. Mwaka 1993 Dan Farmer na Wietse Venema waliandika wakiwahimiza wasimamizi wa mifumo wazitazame mashine zao kwa jicho la mvamizi. Mwaka 1995 wakatoa SATAN, programu ya kufanya ukaguzi huo, na lawama zikawa nyingi kwamba wamewagawia wahalifu silaha. Wahalifu walikuwa nazo. Waliokosa ni watu wa zamu kama mimi.

Februari, wiki ya tatu. Alama ya kutabasamu

Metasploitable inabeba vsftpd 2.3.4, programu ya kuhamisha mafaili yenye mlango wa uani mashuhuri. Kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai 2011, mtu aliibadilisha kopi iliyokuwa ikipakuliwa. Ukiingia kwa jina lenye alama :) ndani yake, poti 6200 inafunguka na kukupa mamlaka ya root. Kushoto kuliisha kabla chai haijapoa.

Wengi wakiona hili husema dawa ni kusasisha. Lakini aliyesasisha siku zile kwa kupakua kopi ile ndiye aliyejiletea mlango nyumbani, na yule mvivu wa toleo la nyuma akasalimika. Nimelitafakari sana hili, kwa sababu neno "sasisha" ndilo linaloanza kila orodha yangu.

Nikaweka faiawoli mbele ya Metasploitable: poti 21 ruhusa, nyingine zote marufuku. Nikarudia. Mlango wa uani ulifunguka kama kawaida, nikauona kwa macho yangu ukisikiliza kwenye 6200 ndani ya mashine, na kutoka Kali sikuweza kuugusa. Mashine imeshatobolewa na bado mshambuliaji anasubiri nje. Ofisini, kusema kweli, sheria za faiawoli yetu zimeandikwa kinyume: tunazuia vichache tunavyovijua na kuruhusu vilivyobaki. Kuzigeuza ni kazi ya wiki nzima na itakera watu. Imeingia kwenye mpango wa Machi.

Kwenye kisa cha vsftpd saini ya kidijitali ya faili ingemshtua mpakuaji, maana kopi iliyochezewa haikulingana na saini ya mwandishi wake, Chris Evans. Ila kisa cha xz, programu ya kubana mafaili, cha 2024 kinanitia baridi. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa uani, na saini ilikuwa halali kabisa, kwa kuwa aliyeupanda alishapewa dhamana ya kusimamia mradi. Aliyeukamata ni Andres Freund, mhandisi aliyeona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na akakataa kupuuza. Ukurasa wangu wa kulia wa xz una mstari mmoja: jua mashine yako ikiwa nzima huwa na kasi gani. Nimeanza kupima.

Machi. Alama moja ya nukuu

Juice Shop. Kwenye nafasi ya baruapepe niliandika alama moja ya nukuu, seva ikarudisha kosa namba 500 na malalamiko ya hifadhidata. Maana yake ninachoandika kinaunganishwa moja kwa moja na amri ya SQL, lugha ya hifadhidata. Kutoka hapo, `' or 1=1--` ikaniingiza kama msimamizi bila nywila. Ni shambulio la miaka ya tisini, lipo kwenye kila somo la mwanzo, sitalirefusha.

Kulia kuna jambo. Nginx, seva ya tovuti iliyo mbele ya duka, iliandika mstari huu kwa uvamizi wangu: POST (ombi la kupeleka data) kwenye /rest/user/login, jibu 200, yaani sawa. Mteja halali akiingia, inaandika vivyo hivyo. Mwili wa ombi la POST hauandikwi kwenye logi kwa kawaida, na hautakiwi kuandikwa, maana humo ndimo nywila za watu zilimo. Kinachomfichua mvamizi ni 500 iliyotangulia, pale alipokuwa anapapasa. Mteja wa kweli haangushi ukurasa wa kuingilia. Nimeandika tahadhari: 500 yoyote kwenye njia ya kuingilia inaniamsha.

Kuhusu kinga yenyewe, maombi yenye vigezo, ambapo data hupelekwa mbali na amri, yaliua shambulio papo hapo. Vichujio vya maneno mabaya nilivijaribu pia na kuvizunguka kwa kuchanganya herufi kubwa na ndogo. Sivitaki.

Machi, baadaye kidogo. Namba inayofuata

Hili ndilo lililobeba mradi mpaka sasa.

Kwenye Juice Shop, kikapu changu kinaletwa kwa anwani inayoishia na namba. Nikabadilisha namba, nikaona kikapu cha mtu mwingine. Hakuna msimbo wa ajabu wala alama za nukuu. Kwenye orodha ya OWASP ya 2021 udhaifu wa udhibiti wa ruhusa ulipanda kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza, na nilikuwa nikijiuliza kwa nini jambo jepesi hivi liwe juu. Ukurasa wa kulia ulinijibu: logi haikuwa na kitu cha kushika. Kila ombi lilirudi 200, mtumiaji ameingia kihalali, anwani ni sahihi, kasi ni ya binadamu. Antivairasi haina la kusema. Faiawoli haina la kusema.

Sisi tuna ukurasa wa wanachama kuangalia taarifa za akiba, uliotengenezwa na kampuni ya nje. Nikaomba nakala ya majaribio yenye wanachama wa kubuni, meneja akaiidhinisha kwa nyongeza ya barua. Nikaingia kama mwanachama wa kwanza, nikafungua taarifa ya akiba, nikatazama anwani. Inaishia na namba ya uanachama. Nikaongeza moja. Ikafunguka taarifa ya mwenzake: jina, akiba, mkopo, mdhamini.

Nikafunga laptopu kwanza, nikaenda kumwita meneja aje aone mwenyewe. Aliuliza kama kuna mtu ameshafanya hivyo kwenye mfumo hai, na hapo ndipo kaunta buku ilipolipa gharama yake. Nilijua kwamba makosa kwenye logi hayatanipa jibu, kwa hiyo sikuyatafuta. Nilitafuta kipindi kimoja cha mtumiaji kilichoita namba za uanachama zaidi ya moja. Logi zilizohifadhiwa zilionyesha vipindi vya aina hiyo vya kompyuta za ofisini tu, wafanyakazi wakihudumia wanachama. Kwa kipindi ambacho logi zipo, hiyo ni habari njema. Za kabla ya hapo zilishafutwa na mzunguko wa kawaida, na sasa tunazitunza kwa muda mrefu zaidi.

Ukurasa wa taarifa ulizimwa mchana uleule. Wanachama wakapewa taarifa zao dirishani, na foleni ikawa ndefu. Mafundi wa kampuni walipendekeza kwanza kuzificha namba kwa kuzigeuza herufi ndefu zisizokisika. Nikawaambia herufi ndefu ni nyongeza tu. Ninachotaka ni seva ijiulize kila ombi: huyu aliyeingia ndiye mwenye akaunti hii, au ni mfanyakazi mwenye ruhusa? Wamelifanya. Nimelijaribu kwa kila njia niliyoijua, pamoja na kurasa za kupakua PDF, ambazo husahaulika kwa sababu zimeandikwa na mtu mwingine siku nyingine. PDF ilikuwa bado wazi. Wakairekebisha nayo, ndipo ukurasa ukarudi hewani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 juu ya vichwa vyetu, na meneja sasa anaitaja vikaoni kabla yangu.

Aprili. Yanga na Simba

Kwa ruhusa nyingine ya maandishi nilizipima hashi za nywila za ofisi, yaani nywila zilizogeuzwa kuwa msimbo usiorudishika, kwenye mashine isiyo na mtandao, majina ya wenye akaunti yakiwa yameondolewa kabla.

Orodha maarufu ya kuanzia ni rockyou, iliyotokana na uvujaji wa 2009 ambapo nywila za akaunti milioni 32 zilikuwa zimehifadhiwa bila kufichwa. Imejaa iloveyou na princess. Kwetu ilipata kidogo. Nikatengeneza ya nyumbani: majina ya mikoa, majina ya watoto yanayopendwa, mistari ya Zaburi, na klabu pamoja na miaka ya kuanzishwa, 1935 kwa Yanga na 1936 kwa Simba. Hiyo ilivuna. Mshambuliaji wa mbali angehitaji mwenyeji wa kumwambia haya. Tatizo ni kwamba wezi wetu wengi ni wenyeji.

Hashi za Windows za aina ya NT hazina chumvi, yaani herufi za nasibu zinazochanganywa na nywila, na huhesabika haraka mno, hata laptopu yangu inakimbia nazo. Kwa kulinganisha nikaweka nywila hizohizo kwenye bcrypt, hashi iliyobuniwa mwaka 1999 iwe nzito kwa makusudi, na kasi ikafa. Windows hainipi nafasi ya kubadilisha hilo, kwa hiyo ulinzi wangu ni urefu.

Sera yetu ililazimisha kubadilisha nywila kila mwezi, na matokeo yake ni neno lilelile likivalishwa jina la mwezi. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa 2017 ulishasema nywila isibadilishwe kwa kalenda bali pale inapoonekana imevuja. Meneja aliuliza kama mkaguzi atakubali. Nimemchapishia waraka. Sera mpya: maneno manne yasiyohusiana, hakuna mwezi wala klabu, na orodha yangu ya nyumbani imekuwa orodha ya marufuku. Wafanyakazi nimewaeleza mitindo niliyoiona, sikumtaja mtu, wala sijui ya nani ni ipi. Wa Simba walidai orodha ina upendeleo.

Mei. Windows 7 na skana

Tundu la Windows la MS17-010, lililo kwenye SMBv1, itifaki kongwe ya kushirikiana mafaili, lilipata kiraka tarehe 14 Machi 2017. WannaCry, programu ya kuteka mafaili iliyolitumia, ikalipuka tarehe 12 Mei mwaka huohuo, ikazilemaza hadi hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, mpaka Marcus Hutchins aliposajili jina la tovuti lililokuwa ndani yake na kuipunguza kasi. Karibu miezi miwili kiraka kilikuwepo.

Kwenye maabara, shambulio liliitupa Windows 7 kwenye skrini ya bluu badala ya kunipa mamlaka. Ndiyo maana silirushi kwenye mashine ya kazi hata kwa barua ya mhuri. Kwa ofisi nilikagua tu kama SMBv1 inasikiliza, na ipo, kwenye seva ya nyaraka. Sababu ni skana kongwe inayojua lugha hiyo moja, na skana hiyo haitatupwa mwaka huu. Nimeweka kompyuta ya zamani yenye Linux katikati: skana inaandika huko, seva inakwenda kuchukua kwa itifaki mpya, SMBv1 imezimwa kwenye seva. Watumiaji hawakugundua chochote.

Niliulizwa pia kwa nini sitengenezi jumbe za ulaghai kuwajaribu wafanyakazi. Sitaki. Kila mmoja hapa ameshapokea "ile pesa tuma kwenye namba hii" mara zisizohesabika. Kumtega mwenzangu ili nimwite kikaoni hakunifundishi kitu. Tumeweka utaratibu kwamba namba ya kulipia ikibadilika, keshia anapiga simu ya zamani iliyo kwenye faili kabla ya shilingi kutoka.

Juni. Kurejesha

Sikuleta programu halisi ya kuteka mafaili, hata maabara. Niliandika hati ndogo inayobadilisha majina ya mafaili kila inapofika, nikaiendesha kwa akaunti ya mtumishi wa kawaida kwenye nakala ya mpangilio wetu. Ilifika mpaka kwenye diski ya nakala rudufu, kwa sababu diski hiyo imeunganishwa muda wote kama folda nyingine. Sasa seva ya nakala ndiyo inayokuja kuchukua, watumishi hawaioni kabisa, na diski ya pili inachomolewa Ijumaa na kuwekwa kwenye sefu.

Jana nikajaribu kurejesha kwenye mashine tupu. Hifadhidata ilirudi salama na hesabu zikalingana na za mhasibu. Programu ya taarifa za akiba ikakataa kuwaka, kwa kuwa faili lake la mipangilio linakaa nje ya folda tulizokuwa tunazinakili. Limeongezwa, pamoja na cheti cha tovuti na kazi zinazojiendesha usiku. Urejeshaji unaofuata ni baada ya kufunga mwezi, wahasibu wakiwa wametoka kwenye mfumo. Kampuni imekubali fundi wao awe kwenye simu.